Barua Tuliyomwandikia Karani

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa nafuata ukuta mrefu wa matofali, jua la Septemba limenikalia kichwani, vumbi jekundu limepanda hadi magotini, na upande wa pili wa ukuta mtu akaburuta benchi la mbao juu ya sakafu ya saruji. Ni sauti ndefu, inaanza nzito kama mtu anayekoroma, halafu inaishia kwa mlio mwembamba. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Ilikuwa miaka ishirini na zaidi tangu niisikie, na bado mwili wangu ulijua kwamba sasa tunapaswa kukaa na kunyamaza.

Nilipita kwenye pengo la ukuta. Vijana wawili walikuwa wanasogeza benchi ili kupata nafasi ya magunia ya mawe ya kijani ya shaba kutoka mgodi wa Kamatanda. Chumba kilijaa magunia hadi madirishani.

"Mama, unatafuta nani?" mmoja akaniuliza.

"Hakuna mtu. Nilikuwa ninasali hapa."

"Hapa? Kanisa gani?"

"Marafiki."

"Marafiki ya nani?" akasema, na mwenzake akacheka, nami nikacheka nao, maana hata zamani watu walituuliza hivyo hivyo.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, kwa sababu huenda nawe hujawahi kutuona. Tulikuwa wachache, watu kumi na wanne ukihesabu na watoto. Imani ile ililetwa mjini kwetu Likasi na mpishi mmoja aliyetoka kando ya Ziwa Tanganyika kutafuta kazi. Vitabu vya Kifaransa vinatuita Wakweka, lakini sisi tulijiita Marafiki tu. Hatukuwa na mchungaji, ngoma wala mimbari. Mabenchi manne yaliwekwa mraba, tukatazamana, tukakaa kimya mpaka mtu apate neno la kusema, na siku nyingine hakuna aliyelipata. Wapentekoste wa nyumba ya pili walipiga ngoma hadi vioo vyetu vinatetemeka, Wakatoliki waligonga kengele yao kule juu, na katikati sisi tulikaa. Watoto wa mtaa walituita kanisa ya mabubu.

Mimi nilikaa karibu na bibi yangu, ambaye kwetu huitwa kambo. Nguo yake ilinukia pasi ya makala, mkaa wetu, na majani aliyoweka kabatini kufukuza wadudu. Mfukoni alikuwa na kiazi kitamu kilichochomwa, cha moto bado, na baada ya ibada tulikigawana, tukanywa munkoyo, togwa yetu ya mahindi, katika kikombe cha bati. Ndizo Jumapili zangu hizo. Mjini mabomba ya moshi ya kiwanda yalikuwa yanazimika moja baada ya jingine, watu wazima walisema nchi imekufa, lakini mimi nakumbuka kiazi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku ya mambo ya jumuiya. Karani alileta meza ndogo na kitabu cheusi kinene, akakaa. Karani huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu na mwandiko ulionyooka kama mistari ya reli. Kazi yake haikuwa kuamua. Jambo lililetwa, tukanyamaza. Mtu alisimama, akasema, akakaa, tukanyamaza tena ili maneno yake yapate kutua. Hatukupiga kura, wala hatukuhesabu mikono. Karani alisikiliza mpaka alipoona tumefika mahali pamoja, ndipo akaandika mbele yetu, sote tukisikia kalamu, akasoma alichoandika na kuuliza, "Ni vile?" Sote tukijibu "Ni vile," jambo limekwisha. Lakini mtu mmoja akisema "Sina amani," Karani alikata maandishi yake na tukaanza upya, au tukaenda nyumbani hadi siku nyingine.

Na mtoto alikuwa mtu. Usicheke. Mwaka mmoja watu wazima walikubaliana kukata mti wa avokado uliokuwa unapasua ukuta kwa mizizi yake. Karani alipouliza "Ni vile?" mvulana wa miaka saba akasema hana amani, kwa sababu mti haujamaliza kuzaa. Wakanyamaza. Wakamfikiria. Mti ukabaki, na ukuta ukapasuka. Ndilo pengo nililopitia siku ile niliporudi.

Fundi wa kuchomelea, aliyekuwa kiwandani kabla kiwanda hakijalala, ndiye aliyelalamika kila mwezi. "Kanisa zingine banainua mikono, saa tano beko kwabo banakula bukari," alisema, akiwaza ugali. "Siye tutakufa na njala juu ya neno moja." Kambo alimjibu bila kugeuka, "Basi ukufe polepole, tusikie wengine." Naye alirudi kila mwezi, na kukaa mpaka mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulikuwa mwaka ule ambapo watu wa asili ya Kasai, jimbo la mbali la nchi yetu hiyohiyo, walifukuzwa katika mji wetu. Wewe unaujua, au umeusikia kwa wakubwa wako. Vijana walipita barabarani wakiimba kwamba waondoke, na familia zilizoishi nasi tangu enzi za babu zao zikajikuta stesheni, na masufuria na magodoro, zikingoja mabehewa yaliyochukua wiki na miezi kufika. Karani alikuwa wa asili hiyo. Alizaliwa Likasi, baba yake alizaliwa Likasi, na lugha ya Kasai aliisema vibaya kuliko Kifaransa. Binti yake alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunachota maji pamoja na kuruka kamba kwa waya wa umeme uliotupwa.

Jumapili ile mke wake na watoto walikuwa wameshalala stesheni kwa siku tisa, na nafasi ilikuwa imepatikana katika behewa la Jumanne. Karani alikuja peke yake, akafungua kitabu, akasema jambo la leo ni lake. Marafiki wana desturi ya kumpa anayesafiri barua, ili anakofika ajulikane. Huko aendako hakukuwa na Marafiki, wala ndugu anayemjua kwa sura. Alitaka karatasi ya kumwonyesha padre, mchungaji au mkuu wa shule yeyote, ili watoto wapokelewe.

"Bila barua sitapanda," alisema. "Kule nitakuwa muntu wa kuokotwa tu."

Aliiandika mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye karani. Akasoma: "Ndugu yetu anarudi kwao Kasai kwa amani, pamoja na mke na watoto wanne." Akauliza, "Ni vile?"

Nilisikia pumzi ya kambo kabla ya sauti yake. "Minye sina amani."

Akasimama. Alikuwa mfupi, na aliposimama tofauti haikuwa kubwa. "Hii mwana nilimubeba mu mugongo wakati mama yake alikuwa mugonjwa. Kwabo ni hapa. Harudi popote. Anafukuzwa. Siwezi kuitikia uongo hapa ndani."

Ngoma za jirani zikaingia dirishani. Hatimaye fundi akasimama, na mara hiyo hakuwa na mzaha. Alisema kwenye lango la stesheni vijana wanafungua mizigo na kusoma kila karatasi. "Bakikuta neno kufukuzwa, batapasua barua, na yeye batamupiga. Kambo, ukweli yako itamuvunja mukono."

"Kwa hiyo tuandike uongo?" kambo akauliza.

Karani angeweza kumwomba akae. Wote walikuwa upande wake. Lakini alichukua kalamu, akakata mistari yake miwili, akaandika na kusoma: "Hatujapata umoja. Tutakutana kesho saa tisa." Kwa hilo tuliitikia sote, na kambo pia.

Nikuambie siri. Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikirukaruka, kwa kuwa hesabu yangu ilikuwa rahisi: kambo akiendelea kukataa, hakuna barua. Bila barua Karani hapandi, na rafiki yangu anabaki. Niliwasha makala bila kutumwa. Nilichambua majani yote ya sombe ya mboga. Nilimhudumia kambo kama malkia, ili asibadili moyo.

Jumatatu asubuhi mke wa Karani alikuja kutoka stesheni kuchota maji kwenye bomba letu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za kule. Aliweka ndoo chini ya bomba, akasubiri ijae, halafu akamwambia kambo bila kumtazama.

"Mama, weye unapenda ukweli. Minye ninapenda batoto yangu bafike."

Kambo aliendelea kupepeta unga.

"Mudogo anahara tangu juzi," akasema tena. "Ukitaka, baki na ukweli, lakini mutoto wangu uniachie muzima."

Kambo alimimina unga wote uliokuwa kwenye ungo ndani ya kitambaa, akafunga, akampa. Hawakuagana. Halafu akakaa kwenye kigoda chake muda mrefu, mikono myeupe kwa unga, na nilipomuuliza kama nilete maji ya kunawa, hakunisikia. Nikaanza kuogopa kwamba ameshabadilika.

Saa tisa tulikuwa wote ndani. Karani alivaa koti la kijivu, na kando ya mguu wake palikuwa na mfuko mmoja. Tulikaa kimya zaidi ya nilivyowahi kukaa. Nilihesabu misumari ya dari mara mbili. Kambo akasimama.

"Mwana wangu," alimwambia Karani, "katika barua usiandike unakwenda wapi. Usiandike juu ya nini unakwenda. Andika weye ni wa nani. Andika: huyu ni mutu wetu, na muke yake, na batoto yake, ni betu. Anayemupokea ametupokea siye. Nani atapasua hiyo?"

Karani akaandika. Kalamu yake haikukimbia kama siku zote.

"Na mu kitabu," kambo akaendelea, "kinachobaki hapa, andika yote. Andika alifukuzwa, na siye hatukuweza kumulinda."

Karani akaandika hilo nalo, akasoma, akauliza, "Ni vile?"

"Sina amani," fundi akasema.

Sote tukamgeukia. Alikuwa anaitazama kofia yake, akiizungusha mikononi.

"Hatukuweza, ni neno ya uongo. Nani alijaribu? Balipopita barabarani banaimba, minye nilifunga mulango. Hii benchi yote balifunga. Kambo alifunga. Andika: tuliogopa."

Mtu akakohoa. Kambo alikaa chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akiitikia maneno ya fundi kwa kichwa. Karani alikata neno moja na kuandika jingine juu yake. Fikiria, rafiki yangu: ni yeye, aliyefukuzwa, aliyeandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba sisi tuliogopa. Kisha akasoma barua, akasoma na kitabu, akauliza, "Ni vile?"

Wakaitika mmoja mmoja, kufuata mabenchi. Mzunguko ukafika kwangu, ukasimama.

Nilikuwa nayo mdomoni. Maneno mawili tu, na nilijua wasingenicheka, nilijua wangenyamaza na kunifikiria kama walivyomfikiria yule wa mti, na saa zingepita, na behewa lingeondoka kesho yake bila wao. Karani alinitazama. Hakunisihi wala kunitabasamia. Alinisubiri kama alivyosubiri watu wote, na nadhani alinisubiri kidogo zaidi, kwa kuwa alijua ninamchukulia binti yake kama ndugu. Nikamfikiria mtoto mdogo anayehara stesheni. Nikafikiria unga kwenye kitambaa.

"Ni vile," nikasema.

Sikupata kumwona tena binti wa Karani. Sijui kama barua ilifika, wala nani aliipokea, na kwa miaka mingi niliwatazama wageni wa kutoka Kasai nikitafuta uso wake uliokomaa. Kambo amelala makaburini. Fundi alihamia mgodini na watoto wake, baada yake wengine wakaenda huku na huku, mpaka ikafika Jumapili ambayo wawili tu walikaa wakitazamana. Kitabu cheusi hakuna anayejua kiliko. Wale vijana wa magunia hawakukikuta. Siku hizi nasali mahali ambapo mambo yanaamuliwa haraka, kwa mikono, na wachache walioshindwa wanashuka ngazi kimya. Ni watu wazuri. Lakini nikiwa katikati yao najikuta nasubiri mtu aulize kama ni vile, na atutazame kila mmoja usoni hadi ajibiwe.

Siku ile Karani alifunika kalamu, akaiweka juu ya kitabu, na vyote viwili akavilaza kwenye mapaja ya kambo, ambaye hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Aliikunja barua mara nne, akaitia katika karatasi ya nailoni ya mkate, akaifutika ndani ya koti. Alishikana mikono na kila mtu, na mimi pia, kiganja chake kikavu na chenye chaki ingawa shule ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyeimba. Fundi alitaka kumbebea mfuko, Karani akakataa, akasema ni afadhali fundi asionekane naye langoni. Akauinua mwenyewe, akatoka, na kwa mkono wake uliobaki mtupu akaufunga mlango taratibu nyuma yake, ili asitusumbue tuliobaki tumekaa.