Kizibo Puani mwa Ndege

Kwenye karakana ya ndege za kivita walimwita Mama Pua, na jina lenyewe hakulichukia. Yeye alikuwa fundi wa rada, na rada ya ndege hizo hukaa puani. Wageni wa kazi aliwafundisha kwa maneno ya nyumbani: "Kuna mtambo unaopiga kelele. Kuna bomba la kuipitisha. Kuna antena ya kuitupa mbele, kipokezi cha kusikiliza mwangwi ukirudi, kompyuta ya kuuchambua, na skrini ya rubani kuona. Kimoja kikigoma, rubani ni kipofu mwenye haraka."

Bomba likifunguliwa, mdomo wake huzibwa kwa kizibo chekundu ili vumbi lisiingie. Kikitolewa, kizibo huwekwa mfuko wa kifuani, na fundi hujipapasa kifuani kabla ya kufunga pua.

Asubuhi ile alikuwa amelifungua bomba kukausha unyevu na kuifunga pua upesi, huku wakubwa wakimharakisha. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi karibu na paa. Ndege mbili zilitakiwa kupaa, ya nyuma ikiifuata ya mbele kwa rada tu. Ya nyuma ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake.

"Shemeji, leo umeniwekea macho, au miwani ya bibi?" alimtania akipanda ngazi.

"Nenda zako! Wa kuvaa miwani ni mkeo, aone alichookota."

Wakacheka. Ndege ikaanza kutambaa kuelekea njia ya kurukia, na ndipo mkono wa Mama Pua ukaenda kifuani. Mfuko ulikuwa mtupu.

Akapekua mifuko yote, sanduku la vifaa, sakafu. Hamna kitu. Ardhini rada haiwashwi, maana mawimbi yake huunguza watu. Ingewashwa huko mawinguni, kelele igonge kizibo, iurudie mtambo na kuuteketeza.

Lakini majuzi tu alikuwa amesimamisha ndege kwa wasiwasi, na hakikuonekana kitu. Mkuu wa karakana alimwambia wazi: ukirudia, pua hugusi tena. Na kizibo kikikutwa? Huo ni uzembe, na adhabu ni ile ile. Kunyamaza tu ndiko kungemwachia kazi aliyoipenda kuliko usingizi wake. Na labda kizibo kilikuwa kimeviringika mahali.

Labda! Labda haimbebi mtu angani. Akatimua mbio, akampita mlinzi aliyempigia kelele, akasimama mbele ya ndege mikono ameipishanisha juu ya kichwa.

Injini zikazimwa. Mkuu alifika akifoka. Mama Pua alilifungua bomba mwenyewe. Kizibo kilikuwa mle ndani, chekundu, kimetulia tuli.

Mkuu alimvua beji ya kazi bila kumtazama usoni. Kisha akauliza polepole, "Ungenyamaza, kingeungua pamoja na mtambo. Nani angejua?"

"Mdogo wangu angekuja kulia kwangu," alisema. "Ningempokea kwa mikono ipi?"

Shemeji aliketi pale pale kwenye lami, kofia yake mapajani.