Mama alisusa kula kwenye baridi ya Brussels, mpaka alipotafuna chicon

Wakuu, heshima yenu. Hiki kisa ni cha nyumbani kwangu, sijakiongeza chumvi.

Naishi Ganshoren, kitongoji cha Brussels, ni nesi kwenye hospitali moja hapa Jette. Winter iliyopita mke wangu Neema alijifungua mtoto wetu wa kwanza, mama akaja kutoka Muheza, Tanga, kumlea mzazi.

Nilijipanga. Nilizunguka maduka ya Waafrika, nikajaza friji matembele, bamia na kisamvu cha kugandisha. Nikajiona mtoto mwema kweli kweli.

Mama alikula siku za mwanzo, kwa adabu tu. Kisha ikawa chai na mkate, mkate na chai.

Anamwogesha mjukuu, anamkanda Neema, anampikia uji. Yeye mwenyewe hali. Magauni yakaanza kumpwaya.

Nikampima presha, nikampima sukari. Mzima.

Asubuhi moja akaniambia bila kunitazama, "Baba, nirudishe nyumbani. Chakula hakipiti."

Neema akalia. Mimi nikatoka kama naenda kutupa taka, nikasimama kwenye ngazi.

Hapo akanikuta Maman Angélique, jirani yetu wa chini, Mkongo wa Bukavu anayehudumia wazee. Nikamweleza.

"Bon, papa," akasema, "unamupatiaka vitu ya frigo tu. Ile majani ilishakufa mu avion, mu ndege. Dimanche tunaenda naye ku marché."

Jumapili tukaenda sokoni, baridi ya kukata masikio, mama ndani ya jaketi langu.

Kwenye meza ya mzee mmoja mkulima kulikuwa na chicon, mboga nyeupe iliyojifumbata kama kitumba cha mgomba. Mzee akabandua jani, akampa mama.

Maman Angélique akatafsiri: "Anasema inamea mu giza, chini ya udongo, wakati ya baridi."

Mama akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena.

"Mchunga!" Watu wakageuka. "Baba, huu si mchunga wa kizungu huu!"

(Kwa wasio wa Tanga: mchunga ni mboga chungu ya kwetu, tunaipika kwa nazi. Utotoni unaikimbia, ukubwani unaililia.)

Siku hiyo hiyo akazipika kwa nazi. Ya kopo, najua si local, msinishambulie. Akala na ugali, akaongeza. Mimi na Neema tuliogopa hata kukohoa.

Kuanzia hapo Jumapili zikawa zake. Liki zenye udongo, zile kama vitunguu majani vinene, kabichi, maboga, biti. Nyanya za Januari alizipita: "Hizi zimetoka wapi na baridi hii?" Kuna siku tulinunua mizizi ya seleri, tukaila kwa subira tu, haturudii.

Alikaa mpaka mtoto akajua kukaa.

Nilikuja kumuuliza, mama, mbona hukusema? Akanijibu, "Ulihangaika sana, nikaona aibu. Lakini kila tonge lilinikumbusha nyumbani, na ladha si yenyewe. Bora nile cha hapa nikijue ni cha hapa."

Nilichojifunza: kumpenda mgeni si lazima umsafirishie chakula cha kwao. Mpeleke sokoni, mwache achague.

Mlioko kwenye baridi, Februari mnakula nini? Na kuna anayejua seleri inapikwaje ikalika?