Mzee Asiyesikia Nyumbani kwa Hogla

Hogla alikuwa jirani yetu hapa Netofa, mjane wa mikono mikubwa iliyozoea kukamua zeituni. Alikuwa na watu wawili tu: binti yake Atara, na mkwewe Elifeleti, baba wa marehemu mumewe. Mwaka wa njaa, mzee akamwoza Atara kwa mfugaji wa Gileadi, ng'ambo ya Yordani. Hogla alimshika miguu.

"Baba, bado mdogo. Mwache akomae kwanza."

"Nyumba hii ina mwenyewe," mzee akajibu, "na si wewe."

Atara akapandishwa punda, analia. Mvua za kwanza zilipokuja, wachungaji wakaleta habari: amekufa akijifungua, na mtoto pia.

Wakati huo Elifeleti alikuwa ametoka katika homa kali iliyomwacha kiziwi kabisa, na macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Hapakuwa na njia ya kumwambia. Hogla alimpigia kelele sikioni mpaka koo likakauka, mzee akatabasamu, akasema, "Mvua inanyesha, eh?" Na kila asubuhi, akipapasa mkate wake, aliuliza lilelile: "Atara kaleta salamu? Aje na kitukuu changu nimshike."

Naama, wa nyumba ya pili, alishindwa kuvumilia.

"Shoga, mtukane! Mtukane moyo upoe. Ningekuwa mimi ningeanza alfajiri, nikapumzika kunywa maji tu."

Hogla akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko kikageuka kilio.

Akaenda langoni kwa Asareli, Mlawi aliyetufundisha sheria.

"Niruhusu nimlaani. Hasikii, haitamuumiza."

"Asiyesikia halaaniwi, Mama Atara. Na asiyeona hategewi kitu njiani."

"Kwa nini? Niambie ni mwema. Si mwema! Niambie atanishukuru. Hata hajui alichonifanyia!"

Asareli akajibu: "Sababu iliyotajwa ni moja. Baada ya amri Mungu anasema: Mimi ni BWANA. Basi."

"Hiyo sababu? Hilo ni jina."

"Ndilo jina la aliyetusikia Misri, wakati wengine wote walijifanya viziwi. Sina nyingine ya kukupa."

"Na mimi nilipolia, yeye alikuwa wapi?"

Mlawi akainamisha kichwa.

Yaliyofuata alinisimulia Hogla mwenyewe. Msimu wa kukamua zeituni, alisahau jiwe la kusagia katikati ya mlango. Yeye yuko uani, mikono imelowa mafuta, akamwona mzee anatoka, kiganja ukutani. Akaliona na jiwe. Akabaki ameketi.

"Sikuliweka kwa kusudi," aliniambia. "Nikawa najisemea hivyo: mimi sikuliweka. Naama kaenda kisimani, uani hakuna mtu. Nani angejua? Halafu nikajua nani: yule mwenye jina. Nikamchukia kwa kuwapo pale."

Akaruka, akalisukuma jiwe kwa mguu, kidole kikapasuka. Mzee alikwishapepesuka; akamwangukia kifuani. Akaupapasa uso wake, akakuta machozi.

"Atara? Umekuja, mwanangu?"

Hogla akafumbua kinywa. Aseme nini, na kwa sikio lipi? Akamshika tu, mafuta yakimchafua mzee kanzu, naye mzee akimbariki kwa jina la marehemu.

Tangu siku hiyo mzee alimwita Atara mpaka akafa. Hogla alimlisha, akamwosha, akasimama kila mzee alipoingia, kama sheria inavyoamuru kwa wenye mvi. Watu wakamsifu, naye sifa hizo hakuzitaka.

"Sijamsamehe," alisema wazi. "Msinipambe. Sikuwa na pa kupita, basi. Ningemkwepa Mlawi, ningewakwepa nyinyi nyote. Huyo aliyesema 'Mimi ni BWANA' ningemkwepea wapi?"

Siku ya maziko wanawake walikuja kumlilia mzee. Hogla akalia kuliko wote, akijipiga kifua, na kila alipoita jina, aliita la binti yake. Hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Jioni wakaondoka, naye akabaki mlangoni, hana wa kumlisha, hana wa kumchukia.