Nani Alimrithi Mama

Euphrasie wa Kashuga alikuwa na wivu, na tusimfichie, maana yeye mwenyewe hakuuficha. Alimwonea wivu mdogo wake Laetitia tangu siku Laetitia alipoanza kutambaa na majirani wakaanza kusema, "Huyu njo mama yake kabisa." Paji la uso la mama, mwanya wa mama, hata kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono. Euphrasie yeye alipewa uso wa baba, na Papa Nestor, Mungu amsamehe, hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili.

Mama alipokufa kwa saratani ya titi, kama alivyokufa bibi yao kabla yake, mambo yakazidi kuharibika. Kigoda alichokalia kando ya jiko kikawa cha Laetitia. Sahani ya kwanza ya bugali na maharage ikawa ya Laetitia. "Nikimuangalia huyu, naona marehemu," alisema Papa Nestor, na Euphrasie, mjane aliyerudi kwa baba na binti yake, akameza mate na kungoja zamu yake.

Lililomkata maini zaidi ni kwamba binti huyo, Olga, alitoka na mwanya ule ule. Umchukue mtoto tumboni, umnyonyeshe, umkuze, halafu atembee na sura ya mdogo wako! Euphrasie akaweka sheria. "Mutu asiseme mu hii nyumba kama Olga anafanana na mama mudogo wake," alisema, na watu wakaiheshimu, maana mdomo wake waliujua.

Ndipo akaja Munganga Carmel, daktari aliyekuwa akimtibu mama yao mkubwa wa Kashebere kwa ugonjwa ule ule. Katika damu ya mgonjwa wake alikuta hitilafu ya kurithiwa, ile inayoongeza hatari ya saratani ya titi, akaanza kuwatafuta ndugu. Alieleza kwamba utafiti wa mambo haya ulifanywa zaidi kwa Wazungu, na hitilafu zinazojulikana kwao huenda si zile za huku. Damu za Masisi na Walikale zilikuwa hazijachunguzwa vya kutosha.

Papa Nestor hakusita. "Mupime Laetitia," alisema. "Njo yeye alikamata mama yake." Nyumbani pale hilo lilikuwa limekwisha: aliyechukua sura amechukua na ugonjwa. Kuanzia siku hiyo Laetitia hakubeba hata kuni. Mume wake alikuwa machimboni Walikale, kwa hiyo maharage ya shamba lake yalipanda kilima mgongoni mwa Euphrasie, na kila hatua Euphrasie aliwaza kwamba hata ugonjwa wamemchagulia kipenzi chao.

Akamfuata Laetitia kituo cha afya bila kuitwa. "Munipime na mimi," alimwambia daktari. "Na mimi nilitoka mu ile tumbo."

Carmel akafurahi kumwona. "Nilitaka mukuje wote wawili. Hii kitu haifuataka sura, Mama Euphrasie. Iko kama kutia mukono mu kitunga ya maharage ya kuchanganyika, na macho yamefungwa. Kila mutoto anatoka na yake."

Majibu yalichelewa hadi maharage mengine yakavunwa. Ndugu wawili walikaa kwenye benchi moja, Laetitia akilia hata kabla ya kuambiwa neno. Lakini daktari alimgeukia mkubwa.

"Laetitia hana. Wewe, Mama Euphrasie, uko nayo. Haiseme uko mugonjwa. Inasema hatari yako iko juu, kwa hiyo tutakuwa tunakuchunguza kila mwaka, kusudi ikikuja tuikute ingali ndogo."

Nawaambia ukweli: kitu cha kwanza alichosikia Euphrasie hakikuwa hofu. Alifurahi. Kitu cha mama, na Laetitia hana! Akamtupia mdogo wake jicho la mshindi, na furaha hiyo ikamfikisha mlangoni. Hapo akaikumbuka kanga iliyokunjwa juu ya kidonda kifuani mwa mama miezi ile ya mwisho, na harufu iliyoishinda sabuni. Akarudi ndani kuuliza swali moja.

"Na mutoto wangu?"

"Olga anaweza kuwa nayo, anaweza kukosa," alisema Carmel. "Nusu kwa nusu. Amekwisha kuwa mutu mukubwa. Akitaka, tutamupima."

Jioni Papa Nestor aliposikia habari, alimwambia Laetitia anyanyuke. Kisha akakivuta kigoda cha mama hadi miguuni pa Euphrasie, na Laetitia akampakulia sahani ya kwanza. Euphrasie alikuwa amekitamani kigoda kile maisha yake yote. Akakikalia. Kilikuwa kifupi, na magoti yalimpanda hadi kifuani.

Olga akaingia na bidon ya maji, akicheka jambo la kisimani.

"Kuja hapa kwa mwangaza," mama yake akamwambia. Akamshika kidevu, akautazama ule mwanya alioukasirikia tangu mtoto alipoota meno.

"Unafanana na mama mudogo wako," akasema.

Hitilafu ile haifuati sura, aliambiwa, na alikuwa ameelewa vizuri. Lakini hakukiachia kidevu cha mtoto.

"Kabisa," akasema tena. "Kwangu haukukamata kitu."