Rambirambi za Oili

Miezi miwili tangu azikwe mumewe, mshona mapazia alikuwa bado hajalia. Watu walisubiri weee, mpaka wakachoka.

"Yule moyo umeota sugu," wifi yake mkubwa alinong'ona jikoni, kwa ule mnong'ono wa mtu anayetaka asikike hadi barazani.

Mama Pazia, ndivyo mtaa ulivyomwita, alisikia, akaendelea kutia kulabu kwenye upindo. Hakuwa na hasira wala uchungu. Chai aliinywa ikiwa ya moto au imepoa, yote mamoja. Alilala, akaamka, cherehani ikalia. Wakati mwingine aliutazama mkono wake ukisukuma kitambaa akaona kama wa jirani aliyekuja kusaidia.

Alichobakiwa nacho cha kufanyia kazi, ukiacha cherehani, ni gari. Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, la zamani, lenye keria juu ya paa ya kubebea vyuma vya pazia vya mita tatu. Vyuma hivyo havipandi basi. Na mshona mapazia asiyeweza kwenda kuyatundika ni mshona mashuka tu, na mashuka mtaani kila mtu anashona.

Mumewe ndiye aliyelitunza. Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa imepoa tangu jana yake, aliliachia gari lirudi nyuma taratibu kutoka mteremko wa langoni hadi kwenye sakafu ya saruji iliyo tambarare, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukisoma. Kisha maji ya rejeta, mafuta ya breki, betri, maji ya kuoshea kioo. Mkewe aliyaona hayo kwa miaka kumi na minane kupitia dirisha la chumba cha kushonea, kama mtu anavyoiona saa ya ukutani.

Mume alipokufa, wanaume wa karibu hawakujua la kusema. Wanawake walikuja na sufuria na vilio. Wanaume walikaa, wakakohoa, wakatazama ua. Na uani palikuwa na gari.

Wa kwanza kulishughulikia alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwuza magodoro. Kila Jumatano alipita kumjulia hali. Salamu zikimwishia mdomoni, alitoka akaliwasha gari "betri isilale", akalingurumisha, akalizima, akachomoa kijiti papo hapo.

"Shemeji, oili iko chini! Kaka hakuwahi kuliacha hivi." Akachukua galoni butini, akatia.

Wa pili alikuwa dereva mstaafu wa malori wa nyumba ya pili, aliyeitwa Gia Tano kwa sababu mwendo wake ulikuwa wa konokono. Yeye alipita asubuhi, akapima gari likiwa pale pale langoni, pua imeelekea juu, miwani imesahaulika nyumbani. "Nimekutilia kidogo, mwanangu," alisema dirishani. "Kidogo tu."

Wa tatu alikuwa Mama Pazia mwenyewe. Jumamosi zilipofika alitoka, akafungua boneti, akamimina kikombe kimoja cha oili, akafunga. Hakupima. Marehemu alikuwa akimimina, basi naye akamimina.

Ijumaa moja alikwenda zahanati mpya kuhakikisha vipimo vya madirisha kumi na mawili. Mapazia yalikuwa tayari. Jumatatu asubuhi yalitakiwa yawe yametundikwa, maana mchana wake wagonjwa wangehamishiwa wodini. Njiani gari likatoa moshi wa buluu, mzito, ukafuata nyuma kama mkia.

"Mama, unafukiza mbu wa mji mzima?" mwendesha pikipiki alimpigia kelele akimpita.

Habari haina miguu lakini hufika. Jioni simu ikalia.

"Shemeji, nimeambiwa gari linatoa moshi."

"Linatoa."

"Jumapili nakuja kulichukua. Si kwa ubaya, unanielewa? Mashine haitaki mtu asiyeijua. Utaiua injini, tuwe tumezika mara mbili. Wewe shona, vyuma utatafuta mtu akupelekee."

"Haya," alisema. Hiyo "haya" ndiyo aliyomjibia kila mtu kwa miezi miwili.

Alipoweka simu alitazama lile rundo la mapazia ya kijani. Hakuogopa. Alijua tu, kama mtu anavyojua kwamba maji yamekatika, kuwa gari likiondoka Jumapili halitarudi, na kuwa hapo kazi yake itakuwa imekwisha. Hakuna wa kumpelekea vyuma. Shemeji naye alijua hakuna.

Jumamosi alitoka uani. Kabla ya kugusa galoni, mkono ulisita. Alijaribu kukumbuka alichokuwa akikiona dirishani, hatua kwa hatua, kama anavyofumua nguo ya mtu ili ajue ilivyokatwa. Akaliachia gari lirudi kwenye saruji. Akafungua boneti. Akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena.

Kijiti kilikuwa na alama mbili. Oili inatakiwa ikae katikati yake. Hii ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili.

Akafuta, akarudia. Vidole viwili.

Akaleta beseni la kulowekea vitambaa, akatandika gunia, akaingia chini ya gari na spana ya marehemu. Nati ya chini, ya kumwagia oili, ilikuwa ngumu. Alipoifungua ilimponyoka, oili ikamwagika mkononi hadi kiwiko. Akaziba kwa kidole gumba. Hapo akaona kandambili zikija polepole sana.

"Hodi huko chini! Fundi gani huyu?"

"Mimi, mzee."

"Lahaula! Mwanangu, unaimwaga oili? Mimi natia, wewe unamwaga?"

"Umetia mara ngapi, mzee?"

"Sijahesabu. Kila nilipopita."

"Na shemeji kila Jumatano. Na mimi kila Jumamosi."

"Aa!" Mzee alichuchumaa, magoti yakalia. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Miaka thelathini barabarani, mimi, napima gari limeelekea mbinguni! Usimwambie mtu."

"Nipe hiyo nati, mzee. Iko karibu na mguu wako."

Walipunguza, wakafunga, wakasubiri itulie, wakapima. Bado. Wakapunguza tena. Mara ya tatu oili ilisimama chini kidogo ya alama ya juu. Ndani ya beseni zilibaki lita mbili na ushei.

Jumapili shemeji alifika amevaa suruali ya kazi, mkononi galoni mpya ya oili. Alikuta boneti iko wazi, na Mama Pazia amesimama kando na kitambaa.

"Funguo, shemeji."

"Pima kwanza."

"Nipime nini? Leta niwashe, nitie hii, niondoke."

"Usiwashe. Ukipima wakati injini ndiyo kwanza imezimwa, oili bado iko juu huko, haijashuka. Kijiti lazima kikudanganye. Pima sasa hivi lilivyo."

Shemeji alikitazama kijiti, akamtazama yeye. Hakuwa amemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu mazishini. Akapima. Akafuta, akapima tena.

"Imekaa sawa," alisema taratibu.

"Washa sasa."

Gari liliwaka. Nyuma ulitoka moshi kidogo, masalia, ukapungua, ukaisha. Walisimama wakiusubiri dakika kumi nzima, na haukurudi.

"Ni sisi," alisema Mama Pazia. "Wewe, Gia Tano na mimi. Tumeijaza."

Shemeji aliweka galoni chini. Alifungua mdomo ajitetee, na kilichotoka kilikuwa kitu kingine. "Mimi nilikuwa nakuja kwake," alisema. "Tangu nikiwa mdogo, tukikosa la kuongea alikuwa ananiambia, njoo unishikie boneti. Sasa nikifika hapa nifanye nini? Nikae na wewe tutazamane?" Akalia, mtu mzima, mkono juu ya mlango wa gari.

Mama Pazia alimpa kitambaa, upande usiokuwa na oili. Alitafuta ndani yake machozi ya kumsindikizia na hakuyapata. Hakujilaumu. Alisubiri amalize, kama alivyousubiri moshi.

"Gari linabaki," alisema.

"Ndiyo, shemeji. Linabaki."

"Kesho saa moja natundika zahanati. Ngazi yangu fupi. Una nafasi?"

"Saa moja? Duka nafungua saa tatu." Alipangusa pua. "Nitakuja saa kumi na mbili na nusu tufunge vyuma."

"Uje na kamba. Zangu zimeoza."

Mama Pazia akafunga boneti mwenyewe. Shemeji alitoka langoni kwa miguu, galoni mkononi haijafunguliwa, naye akaingia ndani kuhesabu kulabu.