Sabuni ya Kule, Viatu vya Huku

Juzi nilifungua karto ya sabuni ku butiki yangu ya Mulekera, hapa Beni, na harufu yake ikanijaa mu pua: ile sabuni ya mche, ya rangi ya bleu. Nikacheka peke yangu mpaka muteja akauliza, "Maman, kuko nini?" Kuko mama yangu, nikamujibu.

Kwa mama, kitu ya Beni ilikuwa bei kali siku zote, na ya Uganda ilikuwa bure. Sabuni, sukari, ata kiberiti! "Kule bantu banaishi," alikuwa anasema, "huku tunanyongwa tu." Mudogo wake, mama mudogo Kahindo, aliolewa kule kule Bwera, ng'ambo ya mupaka wa Kasindi, na yeye alikuwa anasema kinyume: vitenge, zile pagne za Butembo, mawese, viatu, vyote vya Congo ndiyo bei muzuri. Bakikutana, ni kelele mutindo moja, na sisi batoto tunangojea tu biskuti.

Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza nilitaka kitu kimoja tu: viatu vyeupe. Vilijaa ku soko ya Beni, mais mama akasema hapana, atanunua Uganda. Akapima muguu wangu na unyasi mukavu, akaukata sawa na kisigino, akaufunga mu kitambaa, akapanda camion Ijumaa asubuhi. "Kesho niko hapa," akasema. Komunyo ilikuwa Dimanche, kesho kutwa.

Jioni ile ile, nani anaingia ku mulango? Mama mudogo Kahindo, jasho tupu, karto ya viatu ku kichwa! Alikuwa amepitia soko ya Beni kununulia binti yake Biira viatu vya komunyo ya Dimanche ile ile, na yeye pia na unyasi wake.

"Dada yangu iko wapi?"

"Ameenda kwako."

Eh! Balipishana ku njia. Mama mudogo akakaa chini, akacheka mpaka machozi. Miye nililia ya kweli.

Simu hatukukuwa nayo. Jumamosi yote tukangojea. Kumbe na mama alikuwa amekaa ku mulango wa mudogo wake, anaogopa kupishana tena. Giza likaanza, nikajua wenzangu bataingia kanisa bila miye. Mama mudogo akaniangalia, akafungua ile karto.

"Vaa."

"Na Biira?"

"Biira iko na mama yako. Unafikiri atamuacha aende miguu wazi?"

Hakumuacha. Viatu vyangu vilivaliwa Bwera, vya Biira Beni, na vyote vikatosha. Mama aliporudi, akageuza vile vya muguu wangu, akakuta ni vile vile, ata kifungo ni kimoja. "Vya Uganda viko na soli nzito kidogo," akasema. Kushindwa, mama yangu? Jamais.

Miaka ikapita, mupaka ukafungwa juu ya ugonjwa; bidhaa zilipita, bantu hapana. Nikamuletea mama sabuni ya butiki yangu, ile ile ya kule, tena bila bei ya camion. Akafua pagne moja, akaiweka pembeni. "Haina povu," akasema polepole, akiangalia njia ya Kasindi. Ndiyo pale nilielewa, na roho ikaniuma: hakuna siku mama alifuata bei. Alifuata mudogo wake.

Mupaka ulipofunguliwa, nilimulipia camion. Nikamwambia sabuni imeisha ku butiki, na karto zilikuwa zimenijaa mpaka ku dari.