Alipoishia Kunisindikiza

Kwetu upande wa Kibabii mgeni haagwi mlangoni. Anasindikizwa mpaka barabarani, na mzigo wake unabebwa na mwenye nyumba. Tangu niolewe Kitale, Mama alinisindikiza hivyo kila nilipomtembelea: kuku kwapani, mfuko wa njugu kichwani, anapanda kile kimlima cha kwenda kwenye lami huku akipiga domo bila kituo. Mimi ndiye niliyekuwa nikihema.

Nikikumbuka sasa naogopa hata kuandika, kwa sababu niliona kila kitu kwa macho yangu na nikakiita jina lingine.

Alianza kwa kuniacha katikati ya kimlima, kwenye mashine ya kusaga unga. "Wacha nisalimie hawa watu," akasema, akanikabidhi mfuko. Alishika nguzo ya kibaraza akamsalimia mtu mmoja kwa muda mrefu ajabu. Mwaka uliofuata aliishia kwenye kalavati, pale mtaro unapopita chini ya njia, kabla hata ya kimlima kuanza. Alisema anataka kuchuma mboga, na kweli aliinama akachuma majani mawili matatu ya managu kando ya mtaro. Baada ya hapo ikawa langoni.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Siku ile ya langoni nilipandwa na mori. Nilikuwa nimekosa matanga ya shangazi yangu, nikaona Mama ananilipizia. Nilipofika Kitale nikamwambia mume wangu, "Ati siku hizi mimi ni wa kuachwa kwa geti kama muuza sabuni." Nikakaa miezi mitano bila kwenda.

Niliporudi nilimkuta jikoni, amechuchumaa mbele ya moto wa magunzi ya mahindi, moshi umejaa mpaka paa halionekani. Alipuliza moto. Makaa hayakugeuka hata rangi. Akatulia, mkono umeshika goti, mabega yanapanda na kushuka, kisha akapuliza tena. Alipogeuka kuniangalia, midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kula zambarau.

"Ni moshi tu," akasema. "Si nimepika kwa magunzi haya tangu nikiwa msichana?"

Nilimleta Kitale wiki hiyo hiyo. Makohozi yakapimwa, na TB haikuwapo. Nikashusha pumzi mapema mno. Daktari alimpa kibomba apulize kwa nguvu zake zote, akarudia mara tatu, na mimi pale kwenye benchi nikawa napuliza naye, kama mzazi anayefungua mdomo wake anapomlisha mtoto. Daktari alitazama majibu. Moshi wa miaka mingi umebana mirija ya hewa, alisema, na iliyoharibika hairudi. Kuna dawa ya kuvuta kwa mdomo itakayompa nafuu, na akiuacha moshi kabisa, ugonjwa utaenda polepole. Angeletwa mapema, wangeokoa mengi.

"Mama, kuishiwa na pumzi kulianza lini?" daktari akauliza.

"Ni juzi juzi tu, daktari."

Daktari akaanza kuandika. "Hapana," nikasema. Nikamtajia yote: mashine ya kusaga, wakati wa kupalilia, miaka minne iliyopita. Kalavati, mwaka uliofuata, shule zikifungwa. Lango, kabla ya Krismasi iliyopita. Sikukosea hata mahali pamoja. Mtu hasahau mahali alipodhani amedharauliwa.

Daktari aliacha kuandika. "Kwa hivyo ulikuwa unafuatilia?"

Mama alinigeukia. "Kumbe uliona," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Niliogopa ni TB. Mngeninyima wajukuu." Alikuwa akiogopa peke yake miaka yote hiyo, na mimi nimenuna.

Tulimnunulia jiko la gesi. Anasema ugali wake hauivi vizuri, na najua nikiondoka anarudi kwenye magunzi. Watoto wawili wa kaka yangu wanashinda kwake, na yeye ndiye huwapikia chai ya asubuhi.

Nampigia simu kila siku kabla ya kazi. Sisikilizi tena habari anazonipa, nahesabu maneno anayofikisha kabla ya kuvuta pumzi. Wiki jana yalikuwa saba. Leo amesema, "Watoto wamekunywa," akanyamaza. Nimesimama hapa Kitale na simu sikioni, nikingoja amalizie.